KWENDA PEMBA NA UNGUJA KWA MARA YA KWANZA: YA KUJUA KABLA HUJAPANDA MELI

Tangu nirudi Pemba kumwona mjomba, vijana wenzangu wa hapa mtaani Tanga wananiuliza maswali matatu. La kwanza: "Kwani kule si unatakiwa pasipoti?" La pili: "Nauli shilingi ngapi?" La tatu linaulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiangalia pembeni kwanza, nalo linahusu uchawi. Nitayajibu kwa mpangilio wangu mwenyewe, maana lipo jambo jingine ambalo haniulizi mtu na lina uzito kuliko yote hayo, nalo ni chombo utakachopanda.

Tuanze na pasipoti tulimalize. Mtanzania haendi Zanzibar kwa pasipoti wala viza. Unachotakiwa kuwa nacho ni kitambulisho chenye picha: cha NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva, au hiyo pasipoti kama unayo. Kazi yake inaanzia dirisha la tiketi, kwa sababu meli zina nauli mbili, ya mwananchi kwa shilingi na ya mgeni kwa dola, na asiye na cha kuonyesha anajitafutia longolongo. Kama una namba ya NIDA tu na kadi haijatoka, beba karatasi ya namba na kitu kingine chenye picha.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ukishuka gatini Zanzibar unawakuta maofisa wa uhamiaji, na wazungu wamepanga foleni kugongewa mihuri hata kama wametokea Dar asubuhi hiyo hiyo. Na kweli Zanzibar ina rais wake, Baraza lake la Wawakilishi, na bendera yake tangu 2005. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata 12 Januari 1964, na Muungano na Tanganyika ukaja 26 Aprili mwaka huo huo. Sasa kama ni nchi au si nchi, hilo usilianzishe barazani kwa watu ukiwa mgeni wa siku mbili. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi na moto wake uliwaka miezi. Mwaka 2010 katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ikaandika kwamba ni nchi, mojawapo ya zile mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Hata kwenye mpira, CAF iliwapa Zanzibar uanachama kamili Machi 2017, ikawanyang'anya Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo wewe nenda ukijua unaingia kwenye nyumba yenye mwenyewe, hata kama ukoo ni mmoja. Ukisikia habari za bima ya dola 44, hiyo imeanza 1 Oktoba 2024 na ni ya wageni wa kutoka nje ya nchi. Wewe haikuhusu.

Haya, tuje kwenye ramani.

Watu wengi wa Tanga wakisema "naenda Zanzibar" wanafikiria kwanza basi la Dar. Ukiangalia ramani utacheka. Kutoka Tanga mjini kwenda Wete au Mkoani ni kama kilomita 70 tu za bahari, sawa sawa na kutoka Dar kwenda Unguja. Anayepitia Dar anaongeza kilomita kama 350 za barabara kwanza. Pemba ni jirani yetu kabisa. Umeme wao wenyewe unatoka kwetu: tangu 2010 kuna waya wa chini ya bahari unaotoka Tanga kwenda Wesha, karibu na Chake Chake, na kabla ya hapo walikuwa wanategemea majenereta ya dizeli. Wavuvi wa Kipemba wanakuja kupiga dago huku pwani ya Bara tangu enzi za babu zetu, na hapa Tanga ukitupa jiwe unampata mtu mwenye shangazi Wete. Kwa hiyo ushauri wangu, na najua wengine watabisha: kijana wa Tanga anayevuka mara ya kwanza aende Pemba. Unguja itakuwepo tu.

Ila bahari ya Pemba si bahari ya Unguja, na hapa naomba usome taratibu. Mkondo wa Unguja una kina kidogo, haufiki mita 100, na zamani za kale sana bahari ilipokuwa imeshuka Unguja ilikuwa imeungana na Bara. Mkondo wa Pemba ni korongo. Kuna sehemu kina kinakaribia mita 800. Pemba imekaa peke yake muda mrefu sana, ndiyo maana ina ndege wa aina nne na popo mkubwa wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Uzuri wote huo unatokana na kina hicho hicho, na kina hicho hicho ndicho kinachokutikisa ukiwa katikati. Mkondo una nguvu, mawimbi yanatoka bahari kuu, na chombo kikizima mashine hakuna pa kutia nanga.

Sasa vyombo. Njia ni nne na nazitaja zote pamoja na ile nisiyotaka uipande.

Ya kwanza ni meli ya abiria ya moja kwa moja kutoka bandari ya Tanga. Ndiyo nzuri kuliko zote kwetu, lakini ina kasheshe moja: haiondoki kila siku. Kwa miaka mingi imekuwa safari moja au chache kwa wiki, ratiba inabadilika, na kuna vipindi meli inapelekwa matengenezo na njia inakaa bila chombo. Maana yake ni kwamba mwenye kupanga safari yako ni meli, wewe unafuata. Usiombe ruhusa kazini kwanza halafu ndiyo uulize meli. Nenda ofisi ya meli au kwa wakala wao wiki moja kabla, uliza siku ya kwenda NA siku ya kurudi, ziandike, halafu ndiyo uhesabu unabaki na siku ngapi za kutembea. Na uliza meli inafunga gati gani, maana Mkoani iko kusini ya kisiwa na Wete iko kaskazini magharibi, na kama mwenyeji wako anakusubiri Wete wewe ukashukia Mkoani, mtatafutana.

Ya pili ni kuzunguka kwa Dar: basi asubuhi mapema, halafu boti ya kasi kwenda Unguja, ambayo inachukua kama masaa mawili. Boti ziko kila siku, zaidi ya moja, kwa hiyo ni njia ya uhakika. Ugumu uko Dar. Basi likichelewa njiani unaikosa boti ya mwisho ya alasiri na unalala Dar kwa gharama ambazo hukuzipanga. Pale bandarini kuna jamaa watakaokuvuta mkono kabla hujaona mlango wa ofisi. Tiketi inakatwa ndani, dirishani, au kwenye tovuti na simu ya kampuni yenyewe. Mtu akikuambia dirisha limefungwa lakini yeye anayo moja imebaki, mpite.

Ya tatu ni ndege ndogo. Toka uwanja wa Tanga hadi uwanja wa Karume ulioko karibu na Chake Chake ni dakika zisizofika nusu saa. Mimi sijaipanda, mfuko hauniruhusu, lakini kama una mgonjwa au mzee asiyeweza bahari, ijue ipo.

Ya nne ni majahazi na boti za mizigo. Zinaondoka Tanga, Pangani, Kipumbwi na kwenye vijibandari visivyo na jina kwenye ramani, mara nyingi usiku kufuata upepo na maji. Utaambiwa nauli ni nusu. Utaambiwa nahodha kazaliwa baharini. Inawezekana kweli kazaliwa baharini, na hao manahodha wengine wanaijua bahari kuliko mtu yeyote aliyesoma chuo. Lakini chombo cha mizigo hakina leseni ya kubeba abiria, hakina majaketi ya kujiokolea ya kutosha, jina lako haliandikwi popote, na kikizama hakuna atakayejua ulikuwemo. Jamaa mmoja niliyesoma nae kidato cha nne alipanda hiyo ya bei nafuu. Mashine ilizima usiku, wakapelekwa na mkondo hadi jua la mchana, maji ya kunywa yameisha, mpaka wakavutwa na wavuvi. Amerudi mzima. Ukimuuliza aliokoa shilingi ngapi haongei.

Na wala usidhani meli kubwa peke yake ni kinga. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, watu wanarudi makwao. Meli iliyokuwa na kibali cha abiria wasiofika 700 ilikuwa imebeba mara kadhaa ya hapo, pamoja na mizigo. Miili karibu 200 ilipatikana, na tume iliyoundwa baadaye ilihesabu wengine zaidi ya 1,000 ambao hawakuonekana tena. Waliopona wengi walielea asubuhi wakiwa wameng'ang'ania magodoro. Mwaka haukuisha vizuri, tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar, karibu na kisiwa cha Chumbe, katikati ya msimu wa kusi na bahari imechafuka. Kwa mjomba wangu Wete bado kuna nyumba za jirani ambazo ukitaja Septemba wanabadilisha mazungumzo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika sana, meli zimekuwa bora na kuhesabu watu kumekuwa kukali. Lakini mimi natoka na haya machache. Usisafiri siku mbili kabla wala siku tatu baada ya Idi kama huna lazima. Ukifika gatini ukaona watu wamejaa mpaka kwenye ngazi na mizigo imeziba milango, shuka, hata kama nauli hairudi. Ukishaingia, kabla ya kutafuta kiti cha dirishani, tafuta majaketi yako wapi na mlango wa kutokea uko upande gani. Watakucheka. Waache wacheke. Huduma za usalama wa vyombo huku Bara ziko chini ya TASAC na kule Zanzibar chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Bahari, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Tahadhari hizo zinasomwa redioni na unaziona kwenye mtandao, kwa hiyo angalia siku moja kabla. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, boti za Dar na Unguja zilisimamishwa kabisa. Likitokea hilo huna wa kumlaumu, unasubiri tu, na kusubiri kunahitaji hela.

Kwa hiyo hesabu ya pesa ipange hivi. Toa nauli ya kwenda na kurudi, iweke pembeni, isiguswe. Kisha toa pesa ya kula na kulala siku moja ya ziada, nayo iweke pembeni, hiyo mimi naiita pesa ya bahari. Kinachobaki ndiyo pesa yako ya matembezi. Kama hakibaki kitu, subiri mwezi mwingine. Bei kamili siandiki, zinabadilika kila mara na nisingependa mtu aende dirishani na bei ya mwaka jana akagombane na karani.

MSIMU

Desemba mpaka Februari ni kaskazi, jua kali na bahari inavukika vizuri, ila ndio wakati vyumba Unguja vinapanda bei kwa ajili ya wazungu. Machi mwishoni hadi Mei ni masika, mvua kubwa, na barabara za ndani Pemba zinateleza. Juni hadi Agosti ni kusi: hewa ya baridi na raha ukiwa nchi kavu, lakini ndio wakati mkondo wa Pemba unaonyesha tabia yake. Wavuvi wa Deep Sea hapa Tanga watakwambia kipindi kizuri ni cha katikati, upepo mmoja umechoka na mwingine haujashika, wanakiita maleleji, na wazee wengine wanasema tanga mbili. Septemba mwishoni hadi Novemba ndiyo chaguo langu. Kama tumbo lako si la bahari, kula kidogo masaa mawili kabla, kaa katikati ya meli sehemu ya chini, uangalie mbali, na tafuna tangawizi. Mishikaki ya gatini iache mpaka ufike.

Ramadhani ni habari ya peke yake. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda. Mchana hoteli za chakula zimefungwa, na kula hadharani si suala la adabu tu, polisi wamewahi kukamata watu kwa hilo, hata wasiokuwa Waislamu. Kwa upande mwingine, ukiwa na mwenyeji wa kukufuturisha, hakuna mwezi mtamu kama huo Pemba. Amua mwenyewe. Wiki ya uchaguzi mkuu, kila baada ya miaka mitano mwezi wa Oktoba, hiyo usiende kutembea. Visiwa vile vimeshaona ya kutosha. Januari 2001 watu walipigwa risasi kwenye maandamano na Wapemba zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya.

UKIFIKA PEMBA

Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67 na miji mitatu: Mkoani, Chake Chake katikati, na Wete. Magari ya abiria yanaunganisha miji hiyo mchana kutwa lakini jioni yanapungua haraka, ikishapigwa adhana ya magharibi we jihesabu umeshalala pale ulipo. Kama una siku tatu, lala Chake, maana kutoka hapo unafika popote. Mashine za kutolea pesa ziko Chake, na ukienda Konde au Makangale uwe na taslimu mkononi. Laini yako ya simu inafanya kazi kama kawaida na pesa za simu zinatumika.

Lugha ni ile ile ila masikio yatashtuka. Shule ni skuli, mkate ni boflo (sisi watu wa Tanga hilo tunalijua, wa Bara ndani ndio watauliza), na mtu akisema "nakwenda shamba" haimaanishi lazima analima, ni nje ya mji. Salamu usiruke. Unaingia dukani unasalimia kwanza, mkubwa anapewa shikamoo yake, ndipo unauliza bei. Nilimwona kijana mmoja wa kutoka Dar gatini Mkoani anauliza "oya, gari la Chake?" bila salamu, mzee akamjibu "Wa alaykum salaam" na kunyamaza. Gari lilikuwa nyuma yake.

Mavazi: kaptula na singlendi ni za ufukweni. Dada zangu, beba kanga mbili, zinafanya kazi zote. Bia ni shida kuipata, na kuitafuta kwenyewe kunakupa jina. Wawili wasio na ndoa kuomba chumba kimoja kwenye gesti ya Pemba mnajitafutia maswali. Ukilala kwa ndugu, mwenyeji wako atamtaarifu sheha, hiyo ni kawaida ya kule, wala usione unachunguzwa.

Vya kuona ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kaskazini kuna msitu wa Ngezi, miti imefunga juu kama dari, na mbele yake ufukwe wa Vumawimbi ambao siku niliyokwenda mimi tulikuwa watu wanne na ng'ombe. Kule Kidike unawaona wale popo, mabawa yakikunjuka yanafika mita moja na nusu, wananing'inia mchana kama nguo zilizoanikwa. Miaka ya nyuma waliwindwa karibu waishe, wanakijiji ndio wamewalinda wakarudi. Pujini kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe wakitambaa kwa makalio. Ras Mkumbuu kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na hapa natoa changamoto: kabla ya kwenda kuyaona hayo, nenda kwanza Tongoni, hapo kusini ya Tanga, uone ya kwetu. Ni ndugu wa damu. Utaelewa kwamba bahari hii ilikuwa barabara kuu kabla hata Wareno hawajapita.

Misali ni kisiwa kidogo upande wa magharibi, unachukua boti kutoka Wesha. Ni hifadhi, unalipa kiingilio, samaki na matumbawe yake hayaelezeki. Wenyewe wanakiheshimu kwa sababu husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alikifanya msala wake akasalia juu yake, ndiyo jina likatoka hapo. Boti ya kwenda huko nayo ina jaketi, livae.

Ukienda msimu wa karafuu utaisikia harufu kabla ya kuona kisiwa, na majamvi yametandazwa kando ya barabara. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Lakini sikia: mnunuzi ni mmoja, shirika la serikali la ZSTC, na kusafirisha karafuu kimagendo ni kosa linalofuatiliwa kweli kweli. Rafiki mpya akikuomba umpelekee "kifurushi" Tanga, kataa kwa upole. Kama bibi yako anataka karafuu za chai, Muheza zipo.

Kwenye mpira, Gombani ndio uwanja. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa pale na Zanzibar Heroes wakalichukua kwa kuwafunga Burkina Faso. Ukitaka marafiki kwa dakika tano, anzia hapo.

Na uchawi? Jamani, sisi watu wa Tanga ndio wa kuuliza hivyo? Bara nzima inatuogopa sisi na Wapemba kwa pamoja. Nililala siku tano kwa mjomba, kilichonikosesha usingizi ni jogoo.

Cha kuogopa kwa kweli ni malaria, lakini si kama unavyodhani. Kule wameipunguza mpaka chini ya asilimia moja, na wagonjwa wengi wanaopatikana ni waliotoka safari Bara. Yaani mbu wao ni wazima, sisi ndio tunawapelekea vimelea. Ukihisi homa ukiwa kule nenda ukapime siku hiyo hiyo, vituo vya afya viko kila upande na Mkoani kuna hospitali kubwa ya Abdalla Mzee.

Ukiwa na siku tano au sita, fanya duara: Tanga hadi Pemba, Pemba hadi Unguja kwa meli, Unguja hadi Dar, halafu basi la nyumbani. Unguja sitaielezea sana, imeandikwa kila mahali. Siku moja na nusu inatosha kwa Mji Mkongwe ambao UNESCO waliuorodhesha mwaka 2000: kanisa la Mkunazini lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, soko la Darajani, na jioni Forodhani kwa pweza na urojo. Uliza bei KABLA ya kula Forodhani. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, utaiona kwa nje, sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020 na kuua watu. Vijana watakaokufuata nyuma wanaitwa mapapasi, sema "mimi wa Tanga" kwa Kiswahili chako cha nyumbani na wengi watakuacha wakicheka.

La mwisho ni mzigo wa kurudi. Mifuko ya plastiki usiibebe, Zanzibar waliipiga marufuku tangu 2006 na Bara tangu Juni 2019. Halua ya Wete ifungwe vizuri, inavuja mafuta. Televisheni na vifaa vya umeme vya bei rahisi vinavutia sana madukani Unguja, lakini kwenye bandari ya Bara watu wa kodi wamekuwa wakitaka kuona risiti na kutoza tofauti, jambo ambalo limelalamikiwa bungeni miaka nenda rudi. Piga hesabu ya kodi hiyo ukiwa bado dukani. Na tiketi ya kurudi Tanga kata siku ile ile unayoshuka Pemba, kabla hata ya kutafuta gari la Chake, maana meli ikijaa, inayofuata inaweza kuwa ya wiki ijayo.